Kilwa na Mwendo wa Msimu Mmoja

Umbali ni jambo ambalo kila mtu hudhani analijua mpaka atakapotakiwa kulipima. Katika pwani ya Pande, kusini ya Kilwa Masoko, kisiwa cha Songo Mnara kiko karibu na bara, na magofu yake ya karne ya 14 na ya 15 yamo katika mipaka ya kata ya Pande Mikoma. Walakini msafiri anayetaka kuvuka kwa tanga kwenda huko haanzi kwa kuuliza maili. Huuliza kwanza kama maji yamejaa au yametoka, kisha upepo unavuma kutoka wapi, na majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayomwambia kama siku ile kisiwa ki karibu au ki mbali. Desturi hiyo ndogo ni masalio ya elimu kubwa. Kwa elimu hiyo miji ya pwani ilijengwa, na asiyeielewa hawezi kueleza vema kwa nini Kilwa, mji uliokuwa kusini kabisa kuliko Mogadishu, Malindi na Mombasa, ulipata katika karne ya 14 utajiri uliotajwa hata ng'ambo ya bahari.

Jibu lililozoeleka ni dhahabu ya Sofala. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa mpaka Sofala, na kutoka Sofala mpaka Kilwa ni zaidi ya maili 800 za baharini kwa chombo kinachofuata pwani. Basi mtu ana haki ya kuuliza: wafanyabiashara wa Omani, wa Uajemi na wa Bara Hindi walikosa nini hata wasipitilize wakaichukue dhahabu pale pale ilipopakiwa? Na Sofala ilikosa nini hata isiwe yenyewe ndiyo Kilwa? Jibu halimo katika madini. Limo katika kalenda.

Ili kalenda hiyo ieleweke, yafaa kutazama safari moja ambayo tarehe zake zimehifadhiwa vizuri. Tarehe 24 Aprili 1498 Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi akiwa na rubani aliyepatiwa huko, aliyeijua njia ya kwenda Bara Hindi. Tarehe 20 Mei alikuwa amekwisha fika Calicut. Amevuka bahari kuu kwa siku 26. Wakati wa kurudi hakungoja upepo wake. Aliondoka kisiwa cha Anjediva, katika pwani ya Bara Hindi, tarehe 5 Oktoba, na hakuiona pwani ya Afrika mpaka tarehe 2 Januari 1499, alipopita mbele ya Mogadishu. Bahari ilikuwa ile ile na merikebu zilikuwa zile zile, lakini safari ya kurudi ilichukua karibu siku 90. Mabaharia wengi walikufa kwa ugonjwa wa fizi unaoletwa na kukosa matunda na mboga, na waliosalia walikuwa wachache hata ikawalazimu kuichoma moto moja ya merikebu zao kwa kukosa watu wa kuiendesha. Mreno aliihesabu safari kwa maili, na maili zikamlaghai. Nahodha yeyote wa Malindi angalimwambia kwamba mwezi wa Oktoba Afrika iko mbali, na kwamba inakaribia tena ifikapo Desemba.

Elimu ya manahodha hao ilisimama juu ya pepo mbili. Kaskazi huanza kushika mnamo mwezi wa Desemba na huvuma mpaka Machi, ikivisukuma vyombo kutoka Bara Arabu na Bara Hindi kuja pwani ya Waswahili. Kisha huja siku za tangambili, upepo usipokuwa na mwelekeo wa kutegemewa, na baada yake kusi hushika kuanzia Aprili, ikavirudisha vyombo kwao. Lakini kusi si upepo mmoja kwa tabia. Mwezi wa Juni na Julai hukasirika, mawimbi yakawa makubwa, hata bandari nyingi za pwani ya Omani na ya magharibi ya Bara Hindi zilifungwa wakati huo na hakuna chombo kilichothubutu kuzikaribia. Inapofika demani, kuanzia mwisho wa Agosti, ukali wake hupungua na njia hufunguka tena kwa muda. Kwa hiyo mwenye chombo aliyekuja na kaskazi alikuwa na milango miwili tu ya kurudia: mmoja wakati kusi inapoanza, wa pili wakati inapokwisha. Aliyeikosa yote miwili alikuwa ameupoteza mwaka. Neno lenyewe la msimu, lililotoka katika Kiarabu, lilikuwa na maana hiyo ya wakati uliowekwa. Na Wareno walipolisikia kwa mabaharia wa bahari hii walilichukua katika lugha yao kuwa jina la pepo zenyewe.

Sasa na itazamwe nafasi ya Kilwa katika hesabu hiyo. Kutoka Maskati mpaka Kilwa kwa njia ya bahari ni kiasi cha maili 2,300. Chombo kilichoondoka pamoja na kaskazi ya kwanza kiliweza kutelemka, kikipumzika na kuuza kidogo kidogo katika miji ya njiani, kikafika Kilwa kaskazi ingali inavuma. Mbele ya hapo mambo yalibadilika. Kadiri mtu aendavyo kusini ndivyo kaskazi inavyopungua nguvu, na baada ya Rasi ya Delgado, isiyo mbali sana na mdomo wa Ruvuma, haitegemewi tena. Tena kuna jambo la mkondo. Mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki huipiga pwani ya Afrika karibu na rasi hiyo, ukagawanyika pande mbili: upande mmoja hupanda kaskazini kupita Lindi, Kilwa na Zanzibar, na upande wa pili hutelemka kusini katika mlango wa bahari ulio kati ya Msumbiji na Madagaska. Chombo cha Kilwa kinachorudi Arabuni huwa na mkondo nyuma yake. Chombo kinachotoka Sofala kwenda kaskazini huwa na mkondo usoni.

Hapo ndipo fumbo linapofumbuka. Maili 800 zikiongezwa juu ya 2,300 ni nyongeza ya theluthi moja na kidogo, na kwenye karatasi si kitu kikubwa. Lakini nyongeza hiyo ilikuwa imevuka mpaka wa msimu. Chombo kilichopitiliza mpaka Sofala kilitakiwa kiteremshe bidhaa, kingoje dhahabu na pembe kutoka bara, kisha kipande kinyume cha mkondo mpaka Kilwa, na aghalabu kingefika milango yote miwili ya kurudia imekwisha fungwa. Theluthi ya njia iligharimu mwaka mzima wa pili, na mwaka wa pili una gharama zake: mishahara ya mabaharia, chakula, mbao zinazoliwa na wadudu wa baharini, na mtaji uliolala bila ya kuzaa. Haikuwa safari isiyowezekana. Al-Masudi, aliyesafiri kwa mara ya mwisho kutoka kisiwa cha Kanbalu kwenda Omani mwaka 916, aliitaja Sofala kuwa mwisho wa safari za watu wa Omani na wa Siraf, na habari za kale za Kilwa alizoziandika Mreno João de Barros mwaka 1552 zasema kwamba watu wa Mogadishu waliijua biashara ya Sofala kabla ya watu wa Kilwa. Katika habari hizo kuna kisa cha mvuvi wa Kilwa aliyevutwa na samaki mkubwa kwenda mbali, kisha mkondo ukamchukua mpaka Sofala, ndipo akaigundua biashara hiyo. Kisa hicho huenda ni hadithi tu. Walakini aliyekitunga aliujua mkondo wa bahari ile na upande unaoelekea.

Watu wa Kilwa walikuwa na faida ambayo mgeni hakuwa nayo: hawakulazimika kurudi popote. Vyombo vyao vilikwenda Sofala na kurudi kwa kufuata wakati wa bahari ya kusini, dhahabu na pembe zikawekwa katika ghala, na kaskazi ilipomleta mgeni na nguo, ushanga na vyombo vya kaure vya China alikuta bidhaa zimekwisha kumngojea. Kilwa iliwauzia wageni dhahabu, naam, lakini pamoja na dhahabu iliwauzia mwaka mmoja wa maisha yao ambao wangeupoteza. Bei hiyo ndiyo iliyoujenga mji.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na maandishi yake yanaonyesha jinsi watu wa wakati huo walivyoutaja umbali. Hatoi maili hata moja. Anasema kwamba kutoka Zeila mpaka Mogadishu alisafiri siku 15. Mfanyabiashara mmoja alimwambia kwamba kutoka Kilwa mpaka Sofala ni mwendo wa nusu mwezi, na kutoka Sofala mpaka Yufi, nchi inakotoka dhahabu, ni mwendo wa mwezi mzima. Yeye mwenyewe alikwenda na kurudi kwa kufuata pepo, akaondoka Kilwa mpaka Dhofar katika pwani ya kusini ya Bara Arabu. Penginepo anaeleza kwamba aliwahi kuvuka kutoka Calicut mpaka Dhofar kwa siku 28 upepo ulipokuwa mwema. Maneno hayo, upepo ulipokuwa mwema, hayakuwa pambo la lugha. Yalikuwa ndiyo sharti la hesabu, na msomaji wa zama zake alijua kwamba sharti likiondoka hesabu nayo haipo.

Wageni waliongoja kusi walihitaji nyumba za kulala, maji matamu, chakula, kadhi wa kuamua madai yao na msikiti wa kusali. Kungoja kwao ni sehemu ya historia ya majengo ya Kilwa. Msikiti Mkuu ulipanuliwa ukawekwa kuba na matao. Husuni Kubwa, jumba la al-Hasan bin Sulaiman lililo juu ya jabali mbele ya bahari, lilikuwa na vyumba zaidi ya mia, hodhi la pembe nane, na ua mkubwa uliozungukwa na vyumba ambavyo Neville Chittick, aliyechimbua magofu hayo katika miaka ya 1960, aliviona kuwa vya biashara na ghala. Masultani walipiga sarafu za shaba zenye majina yao. Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu, ndani kabisa ya nchi ya dhahabu, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Sarafu ndogo ya shaba haina thamani ya kuibeba makusudi mbali hivyo. Lakini ilisafiri, na kusafiri kwake kwaonyesha kwamba mji huu wa kusini ulikuwa karibu na dunia kwa namna ambayo ramani peke yake haielezi.

Hata hivyo ingekuwa kosa kusema kwamba upepo ndio ulioijenga Kilwa, kana kwamba watu walikaa tu wakasubiri kubarikiwa na hali ya hewa. Lindi na Kiswere nazo zina bandari, na kaskazi inayofika Kilwa haikatazwi kufika huko. Kilichoongezeka Kilwa ni bandari yenye kina iliyokingwa na visiwa, watawala waliojua kutoza ushuru bila ya kuwafukuza wageni, na mkono uliofika Sofala. Upepo uliweka mpaka. Watu ndio waliofanya soko penye mpaka.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni jinsi mji ulivyoanguka. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na merikebu za vita, akamlazimisha Amiri Ibrahim wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilifanywa chombo cha ibada cha Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na kinachoonyeshwa mpaka leo katika jiji la Lisbon. Tarehe 24 Julai 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji, akauteka, na Wareno wakajenga ngome waliyoiita Santiago. Mwaka huo huo walijenga ngome nyingine Sofala. Asubuhi ya tarehe 25 Julai kusi ilivuma kama ilivyovuma tangu zamani. Mkondo haukubadilika, wala maili hazikuongezeka. Kilichokatika ni ule uhusiano wa Kilwa na Sofala, na pamoja nao ile haki ya kuuza mwaka wa mgeni. Wafanyabiashara wengine walihamishia shughuli zao Angoche ili kuikwepa ngome ya Sofala. Wareno wenyewe waliondoka Kilwa mwaka 1512, kwa kuwa walikuta wameshika bandari ambayo thamani yake waliivunja wakati wa kuishika.

Karne mbili na nusu baadaye Kilwa ilikaribia tena dunia, na safari hii ukaribu ulikuwa msiba. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa, na katika karne ya 19 Kilwa Kivinje, upande wa bara, ukawa mlango mkuu wa misafara iliyotoka nchi za Ziwa Nyasa. Hapo umbali ulipimwa kwa miguu ya watu waliofungwa. David Livingstone aliondoka Mikindani mwezi wa Aprili 1866, akalifikia Ziwa Nyasa mwezi wa Agosti, na katika maandishi yake alitaja maiti za watumwa alizozikuta njiani, wengine wangali wamefungwa kwenye miti. Misafara nayo ilikuwa na msimu wake, kwa kuwa ilitakiwa ifike pwani wakati vyombo vipo. Aliyechoka njiani alikuwa anaichelewesha kalenda ya bahari, na kwa kuichelewesha aliachwa afe. Wanafunzi wanaosifu ustadi wa biashara ya pepo hawana budi kuikumbuka sehemu hii ya hesabu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini njia zenyewe zilichukua miaka mingine kunyamaza.

Meli za moshi zilikuja na kipimo kipya, kwani meli ya moshi haiombi ruhusa ya kaskazi. Vyombo vya tanga havikutoweka mara moja. Mwaka 1939 Alan Villiers, mwanamaji wa Australia, alikuwamo katika jahazi la Kuwait lililoingia delta ya Rufiji, kaskazini ya Kilwa, kupakia boriti za mikoko, kisha likarudi kwao na kusi. Mzunguko wake ulikuwa ule ule ambao Ibn Battuta angeutambua. Lakini fedha kubwa ilikuwa imekwisha hamia katika bandari zenye reli, na pwani ya kusini haikupata reli ya kudumu. Ndipo Kilwa na Lindi zikaanza kuitwa mbali. Hazikusogea. Ni mtu wa kupima aliyehama, akaenda kusimama Dar es Salaam.

Kwa muda mrefu wa karne ya 20 mpima huyo alizuiwa na Mto Rufiji. Kutoka Dar es Salaam mpaka Kilwa Masoko ni kiasi cha kilomita 300, lakini gari lilitegemea kivuko cha Ndundu, na masika yalipofurika njia ilifungwa, hata mikoa ya Lindi na Mtwara ikakaa kama kisiwa. Hivyo barabara nayo ilikuwa na msimu wake, na wasafiri walingoja ukingoni mwa mto kama mababu walivyongoja mwanzo wa kusi. Tofauti ni kwamba mababu waliongoja katika mji uliopata faida kwa kungojewa, na hawa waliongoja mahali pasipo na faida kwao. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ilipokamilika katika miaka iliyofuata safari ya siku au majuma ikawa ya saa. Hata hivyo mwezi wa Mei 2024 mvua zilizofuatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo katika wilaya ya Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili. Kwa siku chache kusini ilikuwa mbali tena.

Ndege huruka kutoka Zanzibar mpaka Maskati, mwendo wa kiasi cha kilomita 3,900, kwa muda wa saa tano hivi, bila ya kujali kama ni Desemba au Juni. Kilwa Masoko ina kiwanja kidogo cha ndege, lakini mtu wa Pande anayetaka kufika Maskati itampasa kwanza asafiri mamia ya kilomita kwa barabara kwenda kaskazini, na sehemu hiyo ya kwanza, iliyo fupi kwenye ramani, itamchukua saa nyingi kuliko bahari yote itakayofuata. Dau la mnyonge haliendi joshi, wahenga walisema, na methali hiyo ya mabaharia yaweza kusomwa leo kama kanuni ya historia: njia ni moja kwa wote, lakini urefu wake hutegemea chombo alichonacho mtu.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na watu hustaajabu kuyakuta mahali wanapopaona kuwa pembeni. Mshangao huo ni matokeo ya kutumia kipimo cha leo kwa jengo la jana. Al-Hasan bin Sulaiman hakujenga Husuni Kubwa pembeni mwa dunia. Alijenga mahali ambapo merikebu kutoka Hormuz, Adeni na bandari za Bara Hindi zilipaswa kusimama kwa sababu mbele yake mwaka ulikuwa unakwisha. Mwanafunzi atakayeandika historia ya pwani hii, ya Kilwa au ya Lindi, ya Pande au ya Mikindani, atafanya vema kuiweka ramani kando kwa muda, achukue kalenda ya pepo, kisha aulize kwa kila mji na kila zama: ni nani aliyekuwa akingoja hapa, alingoja nini, na faida ya kungoja kwake ilikwenda kwa nani.